Mtoto Huongea Kabla ya Kutamka: Mwaka wa Kwanza, Nyumbani na Kliniki

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, walezi na wahamasishaji wa afya ya jamii, Wadi ya Chekalini, Kaunti Ndogo ya Lugari



Mtoto anapozaliwa Chekalini, maswali ya kwanza yanajulikana. Ni msichana au mvulana? Ana kilo ngapi? Amefanana na nani? Atapewa jina la nani? Maswali hayo ni mazuri. Ila kuna swali moja ambalo ni nadra kusikika siku hiyo, na hata miezi mingi baadaye: je, mtoto huyu anasikia?

Mara nyingi swali hilo huja mtoto akiwa na miaka 2 au 3, pale jirani anaposhangaa kwamba mtoto bado hajasema neno. Jibu nalo huwa tayari: "Ukoo wetu huchelewa kuongea. Hata babake alikuwa hivyo." Katika nyumba nyingine jibu hilo ni la kweli, na mtoto huanza kuongea bila shida. Katika nyumba nyingine, jibu hilohilo limemficha mtoto asiyesikia, au mtoto mwenye tatizo la misuli na ubongo lililotokana na shida wakati wa kuzaliwa. Miaka hiyo inayopotea ndiyo miaka ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote.

Kwa hiyo shabaha ya mazungumzo haya ni moja: kila mzazi ajue mtoto anatakiwa kuonyesha nini katika mwaka wake wa kwanza, afanye nini kumsaidia, na aende wapi akiona jambo halisogei.

KIJITABU KINASEMA NINI

Kila mama anayehudhuria kliniki hupewa Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Wengi hukifungua mahali pawili tu, yaani ukurasa wa chanjo na mchoro wa uzani. Lakini ndani yake kuna ukurasa wa hatua za ukuaji, na jedwali lake lililozoeleka ni fupi. Mtoto hutabasamu akimwona mtu na kufuata kitu kwa macho kati ya wiki 4 na 6. Hukaza shingo kati ya mwezi 1 na miezi 3. Hugeukia upande sauti inakotoka, na hunyoosha mkono kushika kitu, kati ya miezi 2 na 3. Hukaa kati ya miezi 5 na 9. Husimama kati ya miezi 7 na 13. Hutembea kati ya miezi 12 na 18. Huongea kati ya miezi 9 na 24.

Wazazi watazame jinsi nafasi hizo zilivyo pana. Mtoto wa Mama fulani akitembea akiwa na miezi 10 na wa jirani akitembea akiwa na miezi 15, wote wawili wako sawa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nchini Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, nao walitembea tu. Kushindanisha watoto kanisani au kisimani hakuna faida. Linalofaa ni kumlinganisha mtoto na nafasi iliyo katika kijitabu, na kumlinganisha na alivyokuwa mwezi uliopita.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kwa namna nyingine. Aliyezaliwa miezi 2 mapema, leo akiwa na miezi 6, atazamwe kama mtoto wa miezi 4.

LUGHA HUANZA TUMBONI

Mtoto huanza kusikia kabla hajazaliwa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, sauti ya mama humfikia, na mtafiti Anthony DeCasper na mwenzake William Fifer walionyesha mwaka 1980 kwamba mtoto wa siku chache tu hutofautisha sauti ya mamake na ya mwanamke mwingine, na huipenda zaidi ya mamake. Kwa hiyo mtoto anayeletwa nyumbani kutoka hospitali ya Lumakanda si mgeni kabisa, kwa kuwa ameshakuwa msikilizaji kwa wiki nyingi.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka, masikio ya mtoto yako wazi kwa lugha zote za dunia. Anaweza kutambua tofauti ya sauti ambazo mtu mzima wa Chekalini hawezi kuzitambua, kwa sababu hazimo katika lugha zake. Kufikia miezi 10 hadi 12, ubongo huanza kuchagua. Sauti anazozisikia kila siku huzishika, na zile asizozisikia huziacha. Ndiyo sababu mwaka wa kwanza, ambao watu huuona kuwa mwaka wa kunyonya na kulala, ni mwaka wa kazi kubwa kwa lugha.

TAREHE ZA CHANJO ZIWE PIA TAREHE ZA KUTAZAMA

Mzazi hahitaji kukariri jedwali zima. Tarehe za chanjo anazijua. Kila tarehe hiyo na aitumie kujiuliza swali moja au mawili kabla ya kutoka nyumbani.

Wiki 6. Je, mtoto hutabasamu anapochekewa? Je, hushtuka, hupepesa macho au hunyamaza anaposikia mlio mkubwa wa ghafla, kama sufuria kuanguka? Tabasamu la usingizini halihesabiwi. Linalohesabiwa ni lile la kumjibu mtu.

Wiki 10 na wiki 14. Je, hufuata uso wa mtu kwa macho? Je, shingo inaanza kukaza? Je, hutoa sauti za "aa" na "uu" akisemeshwa, kisha akanyamaza kama anayengoja jibu? Hayo tayari ni mazungumzo. Je, hutulia akisikia sauti anayoijua?

Miezi 6, wakati wa vitamini A. Je, hucheka kwa sauti? Je, hugeuka akiitwa kutoka upande asioutazama? Je, hunyoosha mkono na kushika kitu, na mikono yote miwili hufanya kazi sawasawa? Mtoto anayetumia mkono mmoja tu huku mwingine umekunjwa muda wote anahitaji kupimwa.

Miezi 9, wakati wa chanjo ya surua na rubela. Je, hurudiarudia "ba-ba-ba", "ma-ma-ma", "da-da-da"? Je, huitika jina lake? Je, hukaa bila kushikiliwa? Je, humtambua mgeni na kumkimbilia anayemjua?

Miezi 12. Je, hupunga mkono kuaga, hunyoosha mikono abebwe, huonyesha kitu anachokitaka? Je, anaelewa akiambiwa "hapana" au "lete"? Je, ana neno moja au mawili yenye maana, hata kama si safi? "Ma" likiwa ni maji kila siku, hilo ni neno. Likitajwa kwa Lubukusu, Lutachoni, Lukabarasi au Kiswahili, bado ni neno.

Na swali moja ni la umri wowote. Je, kuna jambo alilokuwa akilifanya ambalo ameliacha? Mtoto aliyekuwa akitoa sauti akanyamaza, au aliyekuwa akikaa akaanza kuanguka, hangojewi chanjo ijayo. Apelekwe kituo cha afya wiki hiyohiyo.

WAZEE WETU WALIJUA NINI

Kumfundisha mtoto mchanga si jambo lililoletwa na kliniki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness kutoka Marekani waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakitazama jinsi watoto wanavyokua. Waliwakuta akina mama wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi kabisa, na lugha yao ina maneno maalumu ya mafundisho hayo. Mtoto alichimbiwa kishimo kifupi, akatandikiwa kitambaa na kukalishwa humo ili mgongo uzoee. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko wastani wa watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa, ambako hawakuwa wakifundishwa, hawakuwatangulia. Somo lake ni wazi. Mtoto huendelea haraka zaidi katika jambo analofundishwa.

Karibu zaidi na hapa, miongoni mwa Walogoli wa Vihiga, Robert Munroe na Ruth Munroe walichapisha utafiti mwaka 1971 kuhusu nyumba zenye watu wengi na zenye watu wachache. Walikuta kwamba mtoto wa nyumba yenye watu wengi hubebwa mara nyingi zaidi, na akilia hufikiwa upesi zaidi. Nyanya, shangazi na dada wakubwa walikuwa sehemu ya malezi, kila mmoja kwa mkono wake.

Huko Kisii, katikati ya miaka ya 1970, Robert LeVine na wenzake walikuta picha nyingine. Akina mama walikuwa hodari sana wa kumbeba mtoto, kumnyonyesha na kumtuliza, na watoto wao hawakuachwa kulia. Ila hawakuwa na desturi ya kumsemesha mtoto mchanga kama mtu wa kuongea naye, kwa kuwa kazi ya kwanza ilikuwa kumweka hai na mtulivu. Watoto wale walijifunza lugha baadaye kutoka kwa ndugu zao wengi.

Leo mambo yamebadilika. Nyumba nyingi za Chekalini zina watu wachache kuliko zamani. Ndugu wakubwa wako shuleni mchana kutwa, baba yuko kwenye boda boda au mjini, na nyanya anakaa mbali. Mtoto anaweza kushinda na mama mmoja au yaya mmoja aliye kimya. Kubeba mtoto mgongoni na kumtuliza kubaki kama kulivyokuwa, kwa kuwa ni mema. Lakini kwa sababu sauti za boma zimepungua, mtu aliyebaki na mtoto hana budi kumsemesha.

KUSEMESHA MTOTO WAKATI WA KAZI

Mama atauliza: muda huo uko wapi? Machi na Aprili ni kupanda mahindi, kisha palizi, kisha mavuno. Maji yachotwe, kuni zitafutwe, ng'ombe akamwe.

Hakuna muda mpya unaohitajika. Mtoto akiwa mgongoni na jembe likiwa mkononi, mama amwambie anachokifanya: "Tunapalilia. Hili ni jani la mahindi. Umesikia ng'ombe?" Akimwogesha, amtajie mkono, mguu, sikio. Akimnyonyesha, amtazame usoni. Mtoto akitoa sauti, mama aijibu, kisha angoje kidogo mtoto ajibu tena. Kungoja huko ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba maneno hupeanwa zamu kwa zamu.

Vitu vya kuchezea viko jikoni: kikombe cha plastiki, kijiko cha mbao, sufuria ndogo ya kugonga. Chupa ya plastiki iliyotiwa mahindi machache ni kayamba nzuri, mradi kifuniko kimefungwa kabisa kisifunguke. Punje moja ikiingia kooni inaweza kumuua mtoto.

Baba naye asingoje mtoto aanze kukimbia ndipo amwone. Sauti nzito ya baba jioni ni lugha pia. Hali kadhalika nyimbo na hadithi za kukhu. Yaya, hata kama ni msichana mdogo, aambiwe waziwazi kwamba kumsemesha mtoto ni sehemu ya kazi yake, kama vile kumlisha.

Simu haisaidii hapa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linashauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo. Katuni haingoji zamu wala haimjibu mtoto. Akitabasamu, haimwoni.

Kuna pia mama ambaye hamsemeshi mtoto kwa sababu moyo wake umelemewa. Baada ya kujifungua, baadhi ya akina mama hupatwa na huzuni isiyokwisha. Hulia bila sababu, hukosa usingizi hata mtoto akilala, na hawaoni raha kumshika mtoto. Huo si uvivu wala si kumchukia mtoto. Ni ugonjwa, nao hutibika. Mume au mama mkwe akiona dalili hizo amsindikize kliniki, na asimsute.

LUGHA MBILI HAZIMCHANGANYI MTOTO

Lugari ni eneo la watu waliohamia kutoka sehemu nyingi. Katika boma moja mama anaweza kuwa Mbukusu, baba Mlogoli, na majirani Wanandi au Wakikuyu. Wazazi wengine huacha lugha ya nyumbani na kumsemesha mtoto Kiingereza cha kubahatisha wakidhani wanamwandalia shule.

Mtoto anaweza kujifunza lugha mbili au tatu tangu kuzaliwa. Hilo pekee halimfanyi achelewe kuongea. Huenda akachanganya maneno kwa muda, kisha akayatenganisha mwenyewe. Mzazi atumie lugha anayoimudu vizuri, kwa maana katika hiyo ndimo atakamotania, atakamobembeleza, atakamosimulia na kukanya bila kukwama. Maneno akiyahesabu, ayajumlishe ya lugha zote.

MTOTO ASIYESIKIA HUCHEKA KAMA WENGINE

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Mtoto asiyesikia hulia, hucheka, na katika miezi ya mwanzo hutoa sauti za "aa" na "uu" kama watoto wengine. Hutazama mdomo wa mama na kutabasamu. Mlango ukigongwa kwa nguvu anaweza kugeuka kwa sababu ameuhisi mtikisiko. Kwa hiyo nyumba nzima huamini kwamba anasikia. Tofauti huanza kuonekana katika nusu ya pili ya mwaka. Wenzake wanapoingia katika "ba-ba-ba", yeye hubaki nyuma au hunyamaza.

Mzazi anaweza kujaribu nyumbani. Mtoto apakatwe na mtu mmoja, ametulia na ameshiba. Mtu wa pili asimame nyuma yake, mahali ambapo hawezi kumwona wala kuona kivuli chake, kisha atikise kayamba taratibu au aite jina, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Arudie baada ya muda. Mtoto wa miezi 6 asiyegeuka mara kadhaa apelekwe kliniki. Akigeuka, ni vyema, lakini jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha mhudumu wa afya.

Watoto wengine wanahitaji kutazamwa kwa makini zaidi hata kama wanaonekana wazima. Hao ni aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyekuwa na manjano kali mwilini na machoni siku za mwanzo, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, anayetokwa na usaha masikioni mara kwa mara, na yule ambaye nyumbani kwao kuna mtu aliyezaliwa bila kusikia.

Kuhusu sababu, lisemwe wazi: mtoto hakosi kusikia kwa sababu ya laana, wala kwa sababu mama alimtazama mtu fulani akiwa mjamzito. Kumficha ndani hakumsaidii.

Miongozo ya kimataifa inapendekeza masikio ya mtoto yapimwe kufikia mwezi 1, tatizo lithibitishwe kufikia miezi 3, na msaada uanze kufikia miezi 6. Hata aliyechelewa kugunduliwa ananufaika akianza leo kuliko mwakani. Hatua ni hizi. Kwanza, mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji aambiwe. Pili, mtoto apelekwe kliniki ya mama na mtoto na kijitabu chake, na mzazi aseme kwa maneno yake alichokiona, kisha aombe barua ya rufaa kwenda Lumakanda, na kutoka huko hospitali kuu ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega ikibidi. Tatu, vipo vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu chini ya Wizara ya Elimu, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianza nchini mwaka 1984. Mzazi asingoje umri wa shule ndipo avitafute.

Na ikithibitishwa kwamba mtoto hasikii, bado ana lugha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya. Mtoto anayeonyeshwa ishara tangu uchanga hukua na lugha kamili, ili mradi kuna mtu nyumbani aliye tayari kujifunza pamoja naye.

LA KUFANYA LEO JIONI

Tangu mwaka 2013, kupitia mpango unaojulikana sasa kama Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, akina mama wengi wa kaunti hii wamezoea kufika kliniki, kujifungulia hospitalini na kukamilisha chanjo. Mazoea hayo yameokoa maisha. Sasa kila safari ya kliniki iongezewe swali moja: mtoto wangu anafanya nini kipya?

Kila mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, leo jioni akifika nyumbani, afungue kijitabu kwenye ukurasa wa hatua za ukuaji, amwite baba wa mtoto au nyanya, na wausome pamoja. Wakikuta hatua ambayo nafasi yake imepita na mtoto hajaifikia, wasibishane kuhusu ukoo. Waende kliniki asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kila asiye na mtoto mchanga, akikutana na mtoto wa jirani mgongoni mwa mamake, asiulize tu ana kilo ngapi. Amwite jina, amtazame, angoje. Mtoto akijibu kwa sauti yoyote, amjibu.